Sabufa ya Kariakoo, chumba cha Manzese

Ukitaka kujua jiji la Dar linavyopenda besi, pita Kariakoo Jumamosi mchana. Maduka ya redio yametoa spika nje, kila moja likitaka kulizima la jirani. Kifua kinatikisika kabla hata hujauliza bei. Hapo ndipo masela wengi wanapopagawa, bwana!

Lakini Kariakoo si chumbani kwako. Pale barabarani besi inatawanyika, ndiyo maana wanafungulia mpaka mwisho. Ipakie sabufa hiyo kwenye bajaji hadi Manzese, ikakutane na nyumba ya Kiswahili: koridoo katikati, vyumba huku na huku, kuta ambazo mara nyingi hazifiki kwenye bati. Mdundo wa hezi 40 una wimbi la mita 8 na ushee. Chumba cha mita 3 kwa 3 kitaufungia wapi? Utapita tu, ukamsalimie jirani aliyetoka shifti ya usiku.

Kwa hiyo mshikaji, kabla hujatoa pesa usibabaishwe na yale maandishi makubwa ya PMPO kwenye boksi. Hayo ni chambo cha wateja. Ulizia wati za RMS. Kwa chumba kimoja, 30 mpaka 50 zinakutosha kabisa.

Ukifika nyumbani usiisukumie konani. Kona inaikuza besi, lakini inavuma kama pipa tupu na mwimbaji anazama. Usiiegemeze pia kwenye ukuta wa jirani. Wajuzi wanafanya hivi: sabufa inawekwa pale unapokaa, unapiga wimbo unaoujua vizuri, halafu unatambaa chumba kizima ukisikiliza. Cheka tu, lakini pale besi inaposikika safi bila kuvuma, ndipo mahali pake. Ikiwa karibu na kiti chako ndiyo bomba zaidi, maana hutafungulia sana.

Kama spika zako ni ndogo, iachie sabufa kazi ya chini ya hezi 100 hivi. Ukiipandisha mno utasikia sauti za watu zinatokea sakafuni. Ikiwa na swichi ya fezi, jaribu pande zote mbili, ubaki na ule wenye besi iliyoshiba.

Ukiyafanya hayo, mdundo utakukuta kitini kabla haujamfikia mwenye nyumba. Huyo hana habari na RMS. Akiletewa malalamiko mara mbili, wewe na sabufa yako mtatafuta chumba kingine.