Kuchagua Uzi wa Triko: Mambo Tuliyoachiwa na Mama

Bukavu iko juu, karibu mita 1500, na asubuhi za mwezi wa saba upepo wa Ziwa Kivu unauma kabisa. Ndiyo maana katika nyumba yetu mtoto mchanga hapokelewi bila kofia, soksi na shali ya triko. Kazi hii si ya mababu wa kale. Ilikuja na masista wa misheni na fwaye sosiali za wakati wa Wabelgiji. Lakini mama zetu waliishika mpaka ikawa yao.

Sisi mabinti wa nyumba moja ya Kadutu tulifundishwa na mama jioni, akitoka soko. Hakuwa na kitabu, motifu zote zilikuwa kichwani mwake: "Mbili inje, mbili ndani, mugeuze." Tukikimbilia rangi, alituzuia: "Muanze na mwenye kuvaa. Halafu muulize nani atafua."

Hivyo tulijua kwamba sufu ya kweli ina joto, lakini ukiisugua katika maji ya moto inajikunja na kuwa ngumu, hairudi tena. Akriliki inavumilia kufuliwa kila siku, ila isikae karibu na makala, itayeyuka. Uzi wa manyoya marefu si wa mtoto, maana atayatia kinywani. Kwa mtoto ambaye bado hajazaliwa, mama alichukua njano au nyeupe, zinazofaa msichana na mvulana. Peloti zote zinunuliwe mara moja, zenye namba moja ya rangi kwenye karatasi. Bila hivyo mstari utaonekana. Motifu nayo inafuata uzi: ya matundu inataka uzi laini, kwani uzi wa manyoya unaificha. Tena kabla ya kuanza, fuma kipande kidogo, uhesabu vitanzi katika sentimita 10.

Mama alipofariki, aliacha shali ya njano ikiwa nusu kwenye sindano. Mdogo wetu alikuwa na mimba. Tulitafuta njano ile Kadutu, tukatafuta Nyawera, tukavuka Ruzizi mpaka Kamembe. Haikupatikana. Wawili wetu tulitaka kuifumua na kuanza upya na uzi mwingine. Dada mkubwa akakataa: "Mkono wa mama ndio mnataka kufumua?" Tukagombana, wiki mbili bila kusalimiana.

Siku moja tuliitandaza mezani tuhesabu vitanzi. Tukaona kosa: mstari mmoja ulipungukiwa kitanzi, na kuanzia pale matundu yote yalienda upande. Mama, ambaye alitufumulisha kazi nzima kwa kosa dogo kuliko lile! Ndipo tulipojua kwamba macho yake yalikuwa yamechoka, na hakuna kati yetu aliyekuwa amemuuliza.

Hatukufumua. Tulinunua uzi mweupe wa unene ule ule, tukaendelea pale alipoishia. Mpaka wa njano na nyeupe unaonekana wazi, na kosa bado lipo. Mtoto alilala ndani ya shali ile.

Baadaye tuliandika motifu zake katika kaye ya shule, zile tulizokumbuka. Nyingine zimepotea, kama ile ya majani aliyoifuma kwenye mikono ya suweta. Wewe ambaye mama yako bado anafuma, kaa karibu naye leo na kalamu, uhesabu pamoja naye.