Maili Moja ya Denver, Maili Moja ya Kibaha

Ukimwambia mtu wa Kibaha kwamba unakwenda maili moja, atakuonyesha daladala. Maili Moja ni mtaa, uko kandokando ya Barabara ya Morogoro, na mimi nimeshuka pale mara nyingi nikitokea kwetu Kisarawe. Ndiyo maana jirani yangu hapa Denver aliponiomba nikamsaidie "kwenye maili", nilicheka kabla sijamwelewa.

Alikuwa anazungumzia mbio za mtu na saa. Pikipiki inasimama tuli kwenye mstari, inaondoka, inakimbia mita 1,609 zilizonyooka, na mwisho kuna taa zinazosoma mwendo wake. Kona hakuna, mpinzani ubavuni hakuna. Njia yenyewe ni ya kurukia ndege, inafungwa siku nzima, na baada ya zile taa inabaki lami ya kutosha kufunga breki bila papara. Jirani ana Suzuki Hayabusa, injini ya cc 1,340, yenye nguvu za farasi karibu 190 inapotoka kiwandani.

Shida ni kwamba kati ya hao farasi 190, thelathini hivi hawafiki Denver. Jiji hili nalo liko maili moja, ila kwenda juu: kwenye ngazi za jengo la serikali ya jimbo kuna alama inayoonyesha ulipofika maili moja kutoka usawa wa bahari. Hewa ya hapa ni nyepesi kuliko ya pwani kwa karibu asilimia 15, na jua likiwaka inazidi kuwa nyepesi. Injini inavuta pumzi ileile, lakini pumzi imejaa nusu nusu. Kuna kufutwa machozi kidogo: hewa hiyohiyo nyepesi haimsukumi sana dereva kifuani mwendo unapokuwa mkali. Kama njia ingekuwa haina mwisho, injini isiyo na turbo ingefikia mwendo unaokaribiana na wa pwani. Lakini maili ina mwisho. Pikipiki inachelewa kujivuta, na taa zinaifikia kabla haijamaliza kazi.

Basi tukaiandaa kwa wikendi tatu. Sproketi ya nyuma tukaweka yenye meno mawili zaidi, ili injini iliyopungukiwa pumzi isihangaike kwenye gia ya juu. Mafuta yanajirekebisha yenyewe, maana kuna kifaa kinachopima mgandamizo wa hewa, lakini plagi tulizifungua vilevile tukazitazama rangi. Saitamira tukang'oa, indiketa tukang'oa. Kila kisichosaidia maili ile moja kilivuliwa.

Kilichonishangaza ni kwamba siku nyingi hazikuliwa na kutafuta mwendo. Maji ya rejeta yenye dawa ya kuzuia kuganda tulimwaga tukaweka maji matupu, kwa sababu dawa ile ikimwagika njiani inateleza mithili ya sabuni. Bolti ya kumwagia oili ilitobolewa kichwani na kufungwa waya, isiweze kujifungua. Mkononi mwa dereva kuna kamba iliyounganishwa na swichi: akianguka, injini inazimika. Tairi lilikaguliwa tarakimu nne za ubavuni zinazotaja wiki na mwaka lilipotengenezwa. Pamoja na hayo yote, mkaguzi alituondoa kwenye foleni. Kosa letu? Kifuniko cha valvu ya tairi kilikuwa cha plastiki badala ya chuma. Gurudumu likizunguka kasi vile, pini ya ndani ya valvu inaweza kuvutwa na kuachia upepo, na kifuniko cha chuma ndicho kinga ya mwisho. Tulirudi saa nzima baadaye na kifuniko ambacho Kariakoo kisingezidi bei ya soda.

Jirani alimaliza maili yake kwa kilometa 281 kwa saa. Kisha akaipandisha pikipiki kwenye trela, tukarudi.

Desemba nikaenda nyumbani. Chini ya mkorosho mmoja pale Maili Moja yupo fundi ninayemfahamu tangu nikiwa kijana. Wateja wake ni bodaboda, wengi wa Boxer 150 ambazo ukubwa wake halisi ni cc 144.8. Nikaanza kumweleza habari za hewa ya Denver, nikidhani namletea elimu mpya. Hakuniacha nimalize.

"Kaka, hilo la Njombe hilo," akasema. Pikipiki ya kabureta iliyozoea pwani ikipanda Njombe inalewa mafuta: petroli inayoingia ni ileile, hewa imepungua, moshi unakuwa mweusi na plagi inatoka na masizi. Dawa yake ni jeti ndogo zaidi. Akanionya pia kuhusu kinyume chake. Aliwahi kuletewa pikipiki iliyotoka huko na jeti yake ndogo, mwenyewe akaendelea kuitumia hapa Kibaha kwenye hewa nzito bila kubadili. Plagi ilikuwa nyeupe kama chokaa, na injini ilikuwa imekwisha kunoki.

Na sproketi? Alinicheka. Kijana anayepakia magunia ya mkaa kwenye vilima vya Kisarawe huja kutaka sproketi kubwa nyuma. Anayekimbiza abiria kwenye lami ya Morogoro hutaka ndogo. Vilima vya Pugu na Kisarawe havifiki hata mita 500, hewa pale ni tele. Kinachoibana injini ni mzigo. Lakini hesabu ya meno ni ileile tuliyopiga Denver.

Nilikumbuka kwamba kilometa chache kutoka Maili Moja, Mkuza, ipo shule ya Filbert Bayi. Mzee huyu alizaliwa Karatu, kwenye nyanda za juu, na tarehe 17 Mei 1975, mjini Kingston, Jamaika, kando ya bahari, alikimbia maili moja kwa dakika 3 na sekunde 51.0, rekodi ya dunia. Mwili wa mtu ukilelewa kwenye hewa nyepesi unajiongezea chembe nyekundu za damu. Injini haina damu ya kuongeza, ina fundi.

Kwa ufundi, basi, sikuwa na cha kumfundisha. Tofauti ipo kwenye kazi inayotakiwa. Kule tulivua, huku wanavisha. Ngao za chuma mbele, keria nyuma, shokapu zilizoongezwa nguvu, mwavuli juu. Nilipomwambia kwamba ya jirani ilirudi nyumbani juu ya trela, aliweka spana chini.

"Kwa hiyo haijirudishi yenyewe?"

"Haijirudishi."

"Zangu lazima ziende na zirudi. Kila siku."

Kisha nikamweleza habari za mkaguzi, kifuniko, kamba na waya. Hapo ndipo alipoacha kucheka. Kamba ya swichi aliona ni nzuri, ila dereva anayeshuka na kupanda mara hamsini kwa siku ataikata ifikapo saa nne. Lami iliyofungwa kwa ajili ya pikipiki moja, hilo hata hakulijadili. Lakini waya aliuliza mara mbili: unapita wapi, unavutwa upande gani. Barabara ya vumbi ya Maneromango ina makorongo na mawimbi yanayolegeza kila bolti, na bolti ya oili ikidondoka porini, injini inanoki kabla dereva hajajua kuna nini.

Nikamchorea mchangani. Waya unavutwa kuelekea upande wa kukaza, ili bolti ikitaka kulegea ijivute yenyewe.

Asubuhi iliyofuata nilipopita kuaga, Boxer moja ya Kisarawe ilikuwa imelazwa ubavu. Fundi alikuwa ametoboa kichwa cha bolti na kupitisha waya wa kufungia nondo. Mwenye pikipiki, helmeti ikiwa imening'inia kwenye kiwiko, aliinama akauliza huo waya unaongeza spidi kiasi gani.

"Hauongezi," fundi akamjibu, akikaza fundo. "Unakurudisha."