Nakala ya Wasia

Wasia ni sauti ya mtu asiyeweza kuulizwa tena. Aliyeuandika amekwenda, na waliobaki hawana budi kuushika kama ulivyo, bila kuongeza wala kupunguza. Kwa hiyo haifai wasia ujulikane kwa kusikia tu. Yapasa uonwe na usomwe.

Katika mtaa wa Waberi, mjini Garissa, nilimfundisha msichana mmoja aliyefiwa na baba. Marehemu aliacha mjane, mtoto mmoja wa kiume, mabinti wawili, na duka la nafaka. Ami ya watoto aliupeleka wasia katika Mahakama ya Kadhi, akarudi na habari kwamba duka amepewa mwana peke yake. Mjane hakujua kusoma, akanyamaza. Lakini binti alinijia, akauliza, "Mwalimu, je, mama aweza kuuona wasia wenyewe?"

Nilimjibu kuwa kuomba si kushtaki. Wasia ukifikishwa mahakamani huwekwa katika jalada, na mrithi aweza kuomba nakala yake. Mjane alitia alama ya kidole gumba katika barua ya maombi, akachukua cheti cha kifo, kitambulisho chake na barua ya chifu, akalipa ada. Karani alilifungua jalada, akampa nakala yenye muhuri.

Binti aliisoma mbele ya jamaa wote. Marehemu alikuwa ameandika kuwa mwana alisimamie duka. Hakuandika kuwa alimiliki. Ami aliomba isomwe mara ya pili, kisha akakubali kuwa hivyo ndivyo ilivyoandikwa.

Hata kama marehemu angaliandika vingine, neno lake lingalikuwa na mpaka. Katika sheria ya Kiislamu wasia hauzidi theluthi ya mali inayobaki baada ya madeni kulipwa, wala haumpi mrithi kitu juu ya fungu lake ila warithi wenzake wakiridhia. Mjane mwenye watoto hupata thumuni. Mwana hupata mafungu mawili kwa moja la binti. Katiba ya Kenya ya mwaka 2010 imeipa Mahakama ya Kadhi uwezo wa kuamua mirathi ya Waislamu wanaokubali kufika mbele yake.

Enyi vijana, wako wazee wengi ambao macho yao ya kusomea ni ninyi. Elimu hiyo msiitumie kuwakemea wakubwa. Itumieni kusema kwa adabu, "Tunaomba kuiona karatasi yenyewe." Mwenye haki hapungukiwi na kitu kwa ombi hilo, na mnyonge huenda akapata fungu lake.