Python Tatu, Kompyuta Moja

Mtaani kwetu umeme hukatika, na ukiwauliza wahusika wanakwambia ni mara chache tu. Sisi waandishi tumezoea kunukuu: huyu kasema hivi, yule kakanusha. Safari hii nataka namba. Ndiyo maana nimenunua ESP32, kibao kidogo chenye maikrokontrola, kiwe kinaandika saa umeme unapokatika na saa unaporudi.

Kibao hakina neno. Balaa lilikuwa Python. Programu ya kuingiza kazi yako ndani ya ESP32, yaani esptool, imeandikwa kwa Python. Na kompyuta yangu ya mtumba ilikuja na Python tatu: 2.7, ambayo iliachwa kuhudumiwa tangu Januari 2020, kisha 3.8 na 3.11. Nikaiagiza pip ilete esptool, ikasema tayari. Nikaita python, nikajibiwa: No module named esptool. Jamani!

Wala si uchawi. Ukiandika python, Windows hupitia orodha ya mafolda iitwayo PATH na kuchukua ya kwanza inayokutana nayo. Neno pip nalo hutafutwa kivyake. Basi mzigo ulishushwa nyumba moja, mimi nikawa nabisha hodi nyumba ya jirani.

Kama nawe umekwama hapo, fungua cmd, andika where python uone ziko ngapi na ipi imetangulia. Usikimbilie kuzifuta, huenda kuna programu nyingine inaitegemea mojawapo. Wewe jenga chumba cha mradi wako:

py -3.11 -m venv chumba
chumba\Scripts\activate
python -m pip install esptool
python -m esptool version

Siri iko kwenye python -m pip. Hapo mzigo unashushwa kwa Python ile ile utakayoiita baadaye. Na kila ukirudi kazini, anza na ule mstari wa activate. Chumba kikiharibika, futa folda, jenga kingine. Kompyuta yenyewe haiguswi.

Naandika haya kwa kuwa wengi huishia kwenye ufungaji tu, wakaondoka wakiamini mambo haya ni ya mainjinia. Si kweli. Raia mwenye kipimo chake hasubiri taarifa kwa vyombo vya habari.

Haya, niambieni: mtaani kwenu mngepima nini? Maji ya bomba? Vumbi? Makelele ya baa?