Hoteli za Chai Kati ya Kitale na Bungoma

Mtu atokaye Kitale kwenda Bungoma siku hizi hana haja ya kushuka njiani. Barabara ni ya lami, matatu ni nyingi, na kondakta hapendi kusimama mahali pasipo abiria. Basi msafiri huzipita Kiminini, Kamukuywa, Misikhu na Webuye akiwa ameketi dirishani, wala hajui ya kuwa amepita mahali ambapo zamani ilikuwa vigumu mtu kupita bila kunywa chai.

Hoteli zinazosemwa hapa si zile za kulala wageni. Ni zile nyumba za mabati zenye mabenchi mawili matatu, meza zilizochakaa kwa viwiko vya watu, na jiko la kuni nyuma ya ukuta. Wazee wa sehemu hizo wakisema "hoteli" maana yao ni hiyo.

Hoteli hizo zilifuata reli. Gari la moshi lilifika Eldoret mwaka 1924. Tawi la kutoka Leseru likafika Kitale mwaka 1926. Na njia kuu, ile ipitayo Bungoma, ikafika Kampala mwaka 1931. Kitale ulikuwa mji wa masetla, nao walikuwa na klabu yao na hoteli yao. Mwafrika, hata awe karani mwenye tai shingoni na kalamu mfukoni, hakuingia humo ila kwa kubeba sinia. Katika gari la moshi hali ilikuwa hiyo hiyo: behewa la chakula lilikuwa la abiria wa daraja la kwanza na la pili, na Waafrika walio wengi walisafiri daraja la tatu. Kwa hiyo ile nyumba ya mabati karibu na stesheni haikuwa jambo dogo. Hapo ndipo karani na kibarua wa shamba walipoweza kuketi benchi moja, kila mtu kwa senti zake, na mwenye hoteli akamwita kila mmoja wao bwana.

Chai yenyewe ilikuwa nzito. Maziwa, majani na sukari vilichemshwa pamoja katika sufuria moja kubwa mpaka rangi ikawa kama ya udongo wa Trans Nzoia wakati wa mvua. Iliandamana na mandazi ya moto, au chapati na maharagwe kwa mwenye fedha zaidi. Lakini kulikuwa na watu walioketi saa nzima kwa kikombe kimoja, na hakuna aliyewafukuza. Huyu alikuja na barua asomewe. Yule alitaka kujua bei ya mahindi kabla ya kuuza gunia lake la ratili 200, asije akadanganywa na mnunuzi. Gazeti moja lilisomwa kwa sauti, likasikiwa na watu kumi, na kila mmoja wao akawa na neno la kuongeza. Ukutani palibandikwa onyo kwamba kukopa ni harusi, kulipa ni matanga, na chini ya onyo hilo mwenye hoteli alikuwa akiandika madeni daftarini.

Si vema kuzisifu kupita kiasi. Moshi uliumiza macho na nzi walikuwa wengi. Tena wanawake, ambao ndio waliokanda unga na kuosha vikombe, ni mara chache walionekana wameketi mezani.

Zilifungwa moja moja, na sababu hazikuwa zile zile kila mahali. Mwaka 1973 matatu ziliruhusiwa kubeba abiria bila leseni, na msafiri akaacha kungoja gari la moshi. Baadaye treni za abiria za Kitale zilikoma kabisa, na hoteli ya stesheni bila stesheni ni nyumba tu. Mwaka 2007 ikaja M-Pesa. Tangu hapo fedha na habari za bei humfikia mkulima shambani kwake.

Huko Webuye, mji uliokuwa ukiitwa Broderick Falls, pigo lilikuwa la namna nyingine. Kiwanda cha karatasi cha Pan African Paper Mills, kilichoanza kazi katika miaka ya 1970, kilifungwa mwaka 2009. Katika mji wa kiwanda mtu hula kwa mkopo na kulipa mwisho wa mwezi. Mwisho wa mwezi ukikosa mshahara, mwenye hoteli hana wa kumshtaki, kwa maana wadeni wake ni majirani zake, nao wana njaa kama yeye. Daftari hubaki limejaa majina, na unga wa kesho haununuliki.

Bungoma bado kuna mahali pa kula, na pengine chakula ni kizuri kuliko cha zamani. Kuna chipsi, kuna soda baridi. Lakini mteja akimaliza sahani huulizwa mara moja anataka nini tena. Mkulima aliyeleta mahindi yake kuuza huketi juu ya magunia yake akingoja zamu. Mama mwenye chupa za chai humpitia, humimina, kisha husimama palepale, kwa kuwa kikombe ni hicho kimoja na wa nyuma anakingoja.