Namba Iliyopigwa Kwenye Shaba

Boti mpya zinazoletwa Lamu siku hizi, hasa za hoteli na za mashirika, nyingi zina mashine za mipigo minne ambazo mafuta yake hupimwa na kompyuta. Ukifungua kifuniko hukuti kabureta. Ikisumbua, kijana huja na waya wake, husoma hitilafu kwenye kioo, huagiza kifaa Mombasa, basi. Ni mashine nzuri, sitazisengenya: hazibugii petroli, hazitemi oili baharini, na abiria husikilizana wakizungumza. Mei 2020 kampuni ya BRP ilitangaza kuacha kutengeneza Evinrude, mashine iliyobeba jina la Ole Evinrude, aliyeanza kuuza zake huko Marekani mwaka 1909. Ami yangu, aliyenifundisha kazi, tulimzika mwaka huohuo. Mimi mwenyewe nimekwisha kufunga banda. Lakini wavuvi wa Faza, Kizingitini na Kiunga wangali wakivuta kamba za mashine za zamani, na jambo tulilogombania miaka yote ile bado linafanywa kwenye kabureta zao. Ndiyo maana naandika.

Nilizaliwa Langoni, nikasoma chuoni na skuli kama watoto wenzangu, na jioni nikamsaidia baba kwenye mashua. Baba alikuwa mtu wa tanga. Mashine yake ya kwanza ilikuwa Seagull ya Kiingereza iliyokwisha kutumika, na hiyo ilitaka sehemu 1 ya oili kwa 10 za petroli, moshi ukitufuata mpaka Shela. Baadaye zilipoenea mashine za Kijapani, zilizotaka sehemu 1 kwa 50, wazee wengi waliendelea kupima kwa mkono uleule wa Seagull, plagi zikijaa masizi kila safari. Aliyekuwa akizisafisha ni ndugu yake baba, na mimi nilikuwa nikimshikia taa. Nilipomaliza skuli hapakuwa na mjadala: nilihamia bandani kwa Ami.

Ami alijifunza ufundi Mombasa, akarudi nao Lamu. Gatini kila mtu alimwita Fundi. Hakuwa mtu wa maneno mengi, ila kwenye kabureta ulimi wake ulifunguka. Somo lake la kwanza lilikuwa hili: "Mwanangu, jeti haisukumi kitu. Hewa ndiyo inayovuta." Kabureta ina koo lililobanwa katikati. Hewa ikipita pale penye ufinyu hukimbia, na ikikimbia mgandamizo wake hushuka. Mafuta yaliyotulia kwenye bakuli chini hupanda kuifuata hewa hiyo kupitia jeti, kipande kidogo chenye tundu. Kwa hiyo vitu viwili huamua mashine inywe nini: koo, linalopanga nguvu ya kuvuta, na jeti, inayopanga kiasi cha kuvutwa. Ukigusa kimoja bila kukifikiria kile cha pili, unabahatisha.

Somo la pili lilikuwa la mkono. Jeti ni shaba, na shaba ni laini. Maji ya chumvi yakiingia kwenye bakuli huacha ukoko, na petroli iliyolala muda mrefu huacha utando wa rangi ya asali unaoziba tundu. Mafundi wengi huchukua waya wa chuma na kuchokoa. Ami alikuwa akikata kipande cha mshipi wa nailoni, ule wa kuvulia, akakichonga ncha kwa wembe, akaipitisha kwenye jeti taratibu, kisha akaipuliza na kuiinua juani. Alitazama tundu kwa jicho moja mpaka aone duara safi, lisilo mkwaruzo. Akiona mkwaruzo, jeti ile aliiweka kando na hakuirudisha tena kwenye mashine ya mtu.

Wenye boti walikuja na ombi moja kuliko yote: nguvu. Na hapa lazima niseme Ami hakuwa adui wa kubadilisha kabureta, kama ilivyovumishwa baadaye. Johnson na Evinrude za nguvu za farasi 9.9 na zile za 15, zilizotoka kuanzia 1974, kwa sehemu kubwa ni mashine moja. Tofauti yake kuu ni kabureta, koo la ile ya 15 likiwa pana zaidi. Mtu akileta 9.9 na kabureta nzima ya 15, Ami aliifunga bila kusita, kwa sababu aliyeitengeneza mashine alikwisha kupima koo lile na jeti ile pamoja. Kisha alitoka na boti hadi mlango wa Shela kusikiliza. Mashine ikizunguka kupita kiasi, alidai rafadha yenye mkunjo mkubwa zaidi, na mwenye boti asipokubali kuinunua, alirudisha kabureta ya zamani palepale gatini.

Asichokubali kabisa ni kulipanua koo kwa tupa. Koo lina umbo, si tundu tu. Ukilipanua, hewa inapita polepole mashine ikiwa haijashika kasi, inakosa nguvu ya kuyainua mafuta, na boti yenye abiria kumi na magunia ya unga inashindwa kuinua pua. Nahodha akifungua gesi zaidi, mashine inakabwa. Mwenye tupa huona faida yake akiwa peke yake botini, maji yakiwa shwari. Siku ya mizigo, yeye hayumo.

Mzozo wenyewe ulikuja kwa njia ya jeti.

Mwenzangu mmoja, tuliyefundishwa banda moja, alitoka akafungua lake. Ni fundi hodari, mkono mwepesi, na sitamtaja jina kwa kuwa yu hai na watoto wake ni watoto wangu. Wakati ule boti za abiria kati ya Mokowe na Lamu zilishindana kweli: anayefika kwanza gatini ndiye anayejaza kwanza kurudi. Mwenzangu akapata keekee ndogo ya kushika kwa vidole, na vichwa vyake vyembamba kama sindano, akaanza kupanua jeti. Boti zilizotoka kwake zilikimbia. Manahodha wakamhama Ami.

Zilikimbia kwa nini? Hili ndilo ninalotaka kijana yeyote anayeshika spana alisikie. Nyingi ya mashine zile zilikuwa na njaa ya mafuta tangu mwanzo. Gasketi ya kabureta imechakaa inavuta hewa, au sili za krenki zinapitisha. Ukimpanulia jeti mgonjwa wa aina hiyo, anapata chakula na anainuka. Ugonjwa umebaki ndani. Mwezi ujao uvujaji umeongezeka, jeti inapanuliwa tena, na siku mtu mwingine akibadilisha gasketi ile, mashine inazama kwenye mafuta, plagi zinalowa, nahodha anaambiwa mashine imezeeka.

Mashine nyingine zilikuwa na maradhi ya mafuta ya taa. Ziko mashine zilizoundwa kuyala: mgandamizo wake ni mdogo, na zina njia mbili za mafuta, huwashwa kwa petroli, hubadilishwa zikishapata moto, na hurudishwa kwenye petroli kabla ya kuzimwa ili kabureta ibaki na mafuta ya kuwashia. Watu waliyachanganya kwenye mashine za petroli tupu, kwa kuwa yalikuwa rahisi, mpaka serikali ya Kenya ilipoweka tozo ya shilingi 18 kwa lita mwaka 2018. Mafuta ya taa hayastahimili mgandamizo. Hulipuka kabla ya wakati, pistoni ikagongwa kama kwa nyundo. Jeti pana ilipunguza mgongano ule kwa kuipoza silinda, na mwenye boti akamshukuru aliyeitoboa. Ami alisema dawa ni kumwaga tangi. Nani angemsikiliza, na petroli bei ile?

Njia yake ya kuchagua jeti ilikuwa ya polepole. Kwanza aliondoa kila uvujaji. Kisha alienda mbio gesi ikiwa wazi yote, na katikati ya mbio hizo akaizima mashine ghafla, bila kuiacha ipunguze mwendo, kwa sababu ikinguruma polepole hata kidogo plagi hubadilika sura. Alifungua plagi papo hapo baharini, boti ikiyumba. Kaure ikiwa nyeupe, mafuta ni haba. Ikiwa nyeusi na imelowa, yamezidi. Alitaka rangi ya hudhurungi kavu. Akihitaji jeti nyingine aliiagiza kwa namba, na akiwa na shaka kati ya mbili alianza na kubwa. Kwenye mashine za mipigo miwili oili huja pamoja na petroli. Ukiyabana mafuta, umeibana na oili, na pistoni inapata joto na ukavu kwa pamoja.

Watu husema "milimita moja ya kumi ni kitu gani?" Chukua jeti yenye tundu la milimita 1.40. Ukiipeleka 1.50, eneo la tundu linaongezeka kwa karibu asilimia 15. Ndiyo maana jeti hupigwa namba. Kwa watengenezaji wengine namba 140 maana yake ni milimita 1.40, wengine, kama Mikuni kwenye jeti zao za pembe sita, huhesabu kiasi cha mafuta kinachopita. Vyovyote iwavyo, namba ile ndiyo inayomwambia fundi wa pili alichokifanya fundi wa kwanza. Fundi wa pili anaweza kuwa Kizingitini, usiku, na tochi mdomoni.

Niliyaona hayo kwa macho yangu. Boti moja ya silinda tatu, yenye kabureta tatu, ilikuwa ikimleta mgonjwa kutoka Pate. Ikazimika kwenye mkondo wa Mkanda maji yakipwa, ikakaa kwenye mikoko mpaka boti nyingine ilipokuja kuivuta. Mgonjwa alifika, alhamdulillahi. Nilipofungua mashine, pistoni ya katikati ilikuwa na tundu la kupitisha kidole. Fundi aliyeifungua wiki iliyotangulia alikuwa mtu makini: alizitoa jeti, akazisafisha, akasoma namba, zote tatu 140, akazirudisha kwa amani. Mimi nilichukua vichwa vya keekee nikavipitisha kwa upande wa mpini, ule usiokata. Cha milimita 1.5, ambacho hakistahili kuingia, kiliingia kwenye jeti mbili. Ile ya katikati ilikataa hata cha 1.3. Ilikuwa imepanuliwa kupita kiasi, ikazibwa kwa lehemu, ikatobolewa upya, ndogo. Namba ilikuwa ileile. Shaba imesema 140 na ndani hakuna 140.

Niliziweka zile jeti tatu kwenye kitambaa nikaenda nazo kwa mwenzangu. Hakukana wala hakukiri kwamba ni kazi yake, na mimi sikumlazimisha. Alichosema kilikuwa na uzito, na nakiandika kwa haki. Jeti mpya ilikuwa ikiagizwa Mombasa na kungojewa, huku mvuvi anangoja na watoto wake wanangoja. Lehemu ipo, keekee ipo, boti inaondoka alasiri. Ami, alisema, alikuwa na wateja wenye subira, wakazi wa mjini; yeye alihudumia watu wa visiwani wasio na siku ya kupoteza. Hilo la wateja si kweli, nami nilikuwapo: Ami alikuwa na mkebe wa jeti alizozitoa kwenye kabureta zilizokufa, amezipanga kwa namba, na watu wa Pate waliazimwa bila malipo mpaka zao zije. Kujenga mkebe kama ule kulimchukua miaka mingi ya kutotupa kitu. Lakini kuhusu mvuvi anayengoja, mwenzangu alisema kweli, na sijawahi kumpinga.

Kwa hiyo nilimwomba jambo moja tu. Ukilazimika kutoboa, toboa, lakini futa namba ya kiwandani kwa tupa na ukwaruze kipimo chako mwenyewe juu ya shaba, ili atakayefungua baada yako ajue. Ni kazi ya dakika. Ami alikuwa hai bado, amekaa kibarazani pake, na nilimweleza ombi hilo. Alisema na yeye angelikubali.

Mwenzangu alikataa. Alisema mteja akiona namba imefutwa atajua si jeti mpya, na hatalipa bei ya mpya.