Usonji, mawimbi ya ubongo na maneno ya posa



Sisi tunaoshona magauni ya harusi huku Mbagala tunasikia mengi. Siku ya kujaribisha gauni, mashangazi wakishakaa mkekani, yale yasiyosemwa mbele ya wanaume huanza kutoka. Neno moja linarudi mno: "Nyumba ile ina mtoto hasemi, tuangalie damu yao." Mtoto mwenyewe ni mdogo wake bibi harusi, ana usonji. Posa moja tuliyoijua ilivunjika hivyo hivyo, kitambaa kikiwa kimeshakatwa. Wapo waliosema ni jini, wapo waliosema ni dawa za uzazi alizotumia mama. Mama ndiye hubebeshwa, siku zote.

Basi tukaulizia na kusoma. Kipimo cha mawimbi ya ubongo, EEG, si kipya. Daktari wa Kijerumani, Hans Berger, alirekodi mawimbi ya ubongo wa binadamu mwaka 1924. Vijichuma hubandikwa kichwani. Havitii umeme mwilini, vinasikiliza tu. Huku kwetu watu wengi wanakijua kwa ajili ya kifafa.

Kilichotushangaza ni habari ya kromosomu ya 15. Mtoto akizaliwa na nakala ya ziada ya kipande fulani cha kromosomu hiyo, hali iitwayo Dup15q, wengi wao huwa na usonji, na mashine huchora mawimbi ya kasi yaitwayo beta kupita kawaida. Mtoto mwingine akikosa kipande hicho hicho kwa upande wa mama, hupata hali ya Angelman, na mawimbi yake huwa makubwa ya polepole, delta. Fundi ataelewa haraka: kitambaa ni kile kile, huku kimezidi, huku kimepungua, na nguo zinakaa tofauti kabisa.

Faida yake? Mtoto asiyesema hawezi kumwambia daktari kama dawa inamsaidia. Wimbi linaweza kusaidia kuonyesha, ndiyo maana watafiti wanaojaribu dawa za Angelman huiangalia delta.

Sasa turudi kwenye posa. Katika hali hizi mbili, mara nyingi badiliko hutokea upya, wazazi wenyewe hawana. Zipo familia chache zinazorithishana, na hilo hujulikana kwa kipimo cha vinasaba, si kwa mashangazi. Tena si kila usonji unaanzia hapo. Mwaka 2006 ulichapishwa utafiti wa watoto 20 wa hapa Tanzania. 14 walitimiza vigezo vya usonji, na watatu kati yao walikuwa wanakua vizuri mpaka walipougua malaria kali, yenye homa ya muda mrefu na degedege. Hapo tuulizane, damu ya ukoo imeingiaje?

Kilifi, kwa jirani zetu wa Kenya, kuna mradi wa NeuroDev unaochunguza vinasaba vya watoto wenye matatizo ya ukuaji wa ubongo, na mmoja wa wanaouongoza ni Profesa Amina Abubakar. Tulifurahi, tusifiche. Vitu hivi vingi vimepimwa kwa watoto wa Ulaya na Marekani.

Lakini mtu asiwauzie kipimo cha kichwa eti kitathibitisha usonji. Watoto wengi wenye usonji hawana wimbi la kuwatambulisha. Daktari bado humtambua mtoto kwa kumwangalia anavyocheza na anavyoitika, na kwa kumsikiliza mama.

Mkiandikiwa EEG, mtoto aoshwe nywele, asipakwe mafuta, na misuko ifumuliwe. Msichana mkubwa atavua mtandio, kwa hiyo ombeni mapema mhudumu wa kike. Na mbebe dawa zote anazotumia, pakiti zenyewe, kwa sababu diazepam nayo huleta beta, na msomaji wa kipimo asipoambiwa anaweza kudhani ni jambo jingine. Msimwachishe dawa ya kifafa kwa ajili ya kipimo bila daktari kusema.